Alama Niliyoifuta kwenye Mlango wa Abti

Kosa langu la kwanza kubwa katika kazi ya kung'arisha magari lilikuwa zawadi. Nilimfutia mjomba wangu, bila malipo na bila kuombwa, mchoro uliokuwa kwenye mlango wa gari lake. Nilidhani ni mkwaruzo. Nilitumia asubuhi nzima, nusu kopo la dawa ya kukata rangi, na kitambaa laini nilichokata kutoka kwenye shati la kulalia la marehemu baba. Nilipomaliza, mlango ulikuwa kioo. Niliinama nikaiona miwani yangu ndani yake, na nyuma ya miwani nikamwona mtu aliyeridhika. Mwangalieni vizuri mtu huyo, vijana, kwa sababu hamtamwona tena katika kisa hiki.

Mnanijia mkiniuliza mashine gani ya presha ni nzuri, sabuni ipi haili rangi, na mtu aanze na bei gani. Hayo ya mashine na sabuni nitawajibu siku yoyote. Hilo la bei ndilo lililokaribia kunipeleka kuchunga ngamia, kwa hiyo kaeni chini.

Ilikuwa miaka ya tisini, Garissa, kando ya barabara inayoshuka darajani. Kiwanja kilikuwa cha Abti Hassan, kaka wa mama. Kwetu ndugu wa mama unamwita abti, naye anakuita abti, basi tulikuwa tukiitana hivyo kutwa, abti huku na abti kule, kama watu wawili waliolingana. Hatukulingana. Yeye alikuwa na ngamia upande wa Wajir na kiwanja chenye tangi la maji. Mimi nilikuwa na miwani. Kiwanja alikuwa amekitenga kiwe ghala la ngozi, lakini mama alimsihi anipe nafasi, naye akanipa mpaka Idd ya kuchinja. Sharti lilikuwa moja: Idd ikifika, awe ameona magari yakiingia pale ambayo si yeye aliyeyatuma. Kama hayapo, ngozi zinaingia na mimi natoka.

"Unatoka kwenda wapi?" nilimuuliza.

"Kwa ngamia. Wajir. Ukajifunze kazi."

Baba yangu alikuwa karani. Nilizaliwa mjini, nikasoma mjini, na ngamia nilikuwa nikiwajua kama mnavyoijua theluji. Usiku sikuwaza ngamia. Niliwawaza mchana, nikiwa nasugua matairi.

Kazi yenyewe nilijifundisha. Katika droo ya ofisi ya baba palikuwa na gazeti kuukuu la magari, la ng'ambo, ambalo sijui lilifikaje. Nililisoma na kamusi pembeni mpaka kurasa zikaachana. Humo kulikuwa na mzungu mwenye aproni nyeupe anayesafisha tundu za hewa za gari kwa kijiti cha pamba. Nilimwamini mtu yule kuliko nilivyowahi kumwamini mwalimu. Hakuna aliyeniambia kwamba barabara ya mzungu yule ilikuwa na lami mpaka mlangoni kwake.

Gazeti lilisema mteja apewe ngazi tatu za huduma, kila ngazi na bei yake. Nikatafuta ubao. Nikaandika kwa rula: Daraja la Tatu, kuosha nje, Daraja la Pili, nje na ndani, Daraja la Kwanza, nje, ndani, kung'arisha na kupaka nta. Neno "Pili" lilikaa upande, nikalifuta na kuliandika upya mara tatu. Siku nzima ikaishia kwenye herufi moja.

Mteja wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Kotile, mzee mwenye ndevu nyekundu za hina, aliyekuja na wenzake wawili. Alisimama mbele ya ubao kwa muda mrefu.

"Daraja la tatu ni la nani?" akauliza.

"La mtu yeyote, adeer," nikamjibu, nikimwita ami kwa heshima.

"Mtu yeyote nani?"

"Asiyetaka mambo mengi."

Akawatazama wenzake, akanitazama mimi. "Nimetoka Kotile na watu hawa wawili. Wakirudi nyumbani waseme walinikuta daraja la tatu?"

Akachagua la kwanza. Kisha tukaketi, tukanywa birika zima la chai, na alipoinuka alikuwa amenishusha mpaka bei ya daraja la tatu. Bei niliyokuwa nimeiandika kwa rula, kumbe kwake ilikuwa salamu ya kufungulia mazungumzo. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa mgonjwa wa ukamilifu, sikuweza kufanya kazi ya daraja la tatu hata kwa kulipwa. Nilianza na gurudumu la mbele kwa mswaki. Mzee akaenda kuswali adhuhuri, akarudi. Akaenda kula, akarudi. Alasiri ilipoingia bado nilikuwa kwenye gurudumu lile lile, natoa udongo kwenye nati ya nne. Akaingia garini, akaondoka na gurudumu moja la daraja la kwanza na matatu ya daraja ambalo sikuwa nimeliandika.

Nilidhani tatizo ni majina. Nikaufuta ubao na kuandika Maalumu, Maalumu Zaidi na Maalumu Kabisa. Wote wakachagua Maalumu Kabisa kwa bei ya Maalumu.

Halafu alikuwepo Mutwiri. Mutwiri alikuwa Mmeru anayeendesha pikapu ya miraa, anayepita Garissa kila siku mbio akielekea Ifo, kwenye kambi ya wakimbizi, na mzigo ambao kila saa inayopita unapoteza thamani. Aliingia kiwanjani mara ya kwanza, akafunga breki vumbi likapanda, akaniuliza jina, nikamwambia Yusuf, akasema, "Nipanguzie kioo cha mbele na taa. Nakunywa chai hapo, narudi."

Sasa nyinyi mngepanguza kioo cha mbele na taa. Mimi nilifungua mlango nikaona mazulia ya chini. Nikayatoa. Chini ya zulia nikaona mchanga. Nikaona pia tundu za hewa, na nilikuwa na vijiti vya pamba mfukoni. Mutwiri aliporudi na kijiti cha meno mdomoni alinikuta nimelala kifudifudi kwenye kiti chake, miguu nje.

"We Yusuf! Hii gari inaenda Ifo ama inaenda kuoa?"

"Dakika tano tu."

"Hizo dakika zako ni za nchi gani? Mzigo unanyauka, wewe unanitolea mchanga kwa pua ya gari!"

Kioo cha mbele nilikuwa sijakigusa. Alikipangusa mwenyewe kwa mkono wa shati lake, akatupa mazulia mawili nyuma juu ya magunia, akaniachia la tatu. Kesho yake alisimama barabarani bila kuzima injini. "Sikuja kuosha. Lete zulia yangu."

Nilipomrudishia nilimwomba msamaha mrefu, na katika ule msamaha ndipo tulipopatana. Alisema, "Sikia. Nikimaliza chai yangu nikute umemaliza, nakulipa mara mbili. Nikimaliza kabla yako, sikulipi kitu." Wiki ile ile wenzake watatu wa miraa walianza kuingia kwa sharti hilo hilo. Nawaambia ukweli: hao ndio wateja wangu wa kwanza walionilipa vizuri, na walikuwa wakinilipa ili nisifanye kazi. Kila gari lilipotoka nilibaki nimeshika kitambaa, nikiangalia bampa chafu likienda zake, na moyo ukiniuma kama mtu aliyeachwa stendi.

Madereva wa mashirika ya misaada nao walikuwa na yao. Magari yao meupe yalitoka kambini yakiwa mekundu. Nilimng'arishia mmoja wao gari mpaka nzi wakateleza. Siku iliyofuata akaja amenuna. Bosi wake alikuwa ameliona gari, akauliza dereva alikuwa wapi siku nzima. "Ndugu yangu," akaniambia, "osha maandishi ya mlangoni yasomeke kwa mbali, toa harufu ya mbuzi ndani, lakini bodi ibaki ya mtu aliyefanya kazi." Nikampunguzia uzuri, yeye akaniongezea malipo. Sikuelewa. Nilirudi kwenye gazeti nikatafuta ukurasa unaoeleza jambo hilo. Haukuwepo.

Aliyenifundisha kazi, kama kuna mtu aliyenifundisha, alikuwa Eedo Halima, eedo kwa maana ya shangazi. Hakuwa na gari na hakuwahi kuliosha. Aliuza maziwa ya ngamia sokoni, na kila asubuhi alikodi gari la mizigo la jirani yake kumletea jerikeni kutoka nje ya mji. Siku moja jerikeni moja ilipasuka ndani. Mwenye gari akamwambia hatampa tena gari mpaka harufu itoke. Eedo akaniletea gari, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaniangalia.

Nilichemsha maji. Nikatia sabuni nyingi. Nikasugua viti kwa maji ya moto mpaka mikono ikawa myekundu. Baada ya saa moja gari lilinuka kama jibini lililokufa.

"Umepika," akasema Eedo Halima.

"Nimeosha, eedo."

"Umepika maziwa ndani ya kiti cha mtu. Hujawahi kuona mama yako akiosha chombo?"

Alipandisha guntiino yake, ile nguo ya kujifunga begani, akachukua ndoo mwenyewe. Maji baridi kwanza, baridi kabisa, mpaka yatoke meupe, kisha mpaka yatoke safi. Kisha majivu makavu juu ya viti, yaachwe yanywe unyevu. Kisha milango wazi juani nusu siku. Mwisho akachukua mkebe wenye matundu, akatia makaa na vijiti vya mti ule ule ambao wanawake wanafukizia vyombo vya maziwa, akauweka juu ya tofali ndani ya gari na kufunga milango. Nilisimama nje nikiogopa litawaka. Halikuwaka. Tulipofungua lilinuka kama nyumba ya bibi asubuhi. Mpaka leo, gari lililomwagika maziwa sijaliosha kwa njia nyingine, na wale wenye chupa za manukato ya kuning'iniza wanaofanya kazi hii siku hizi nawatakia heri.

Alipokuwa akiondoka aliniuliza, "Unamuuliza mteja gari lake linakwenda wapi?"

"Hapana."

"Basi unajuaje uoshe nini?"

Nikaliandika kwenye daftari nikalipigia mistari miwili. Na kwa kuwa nilikuwa mimi, nililitekeleza siku hiyo hiyo kwa kila mtu. Wa tatu kuulizwa alikuwa mtu mwenye redio ya mkononi kiunoni, aliyekuja na gari lisilo na maandishi yoyote. "Gari linakwenda wapi, mzee?" Alinitazama mpaka nikahisi jasho likishuka kwenye miwani. "Nani anataka kujua?" akasema. Miaka ile, vijana, barabara zetu zilikuwa na watu wa kila aina, na swali kama hilo halikuwa swali la mwosha magari. Nilimwoshea bure, haraka, bila kijiti cha pamba.

Tangu hapo nikajifunza kuliuliza gari badala ya mtu. Vumbi jekundu lililoganda chini ya mlango ni la kambini. Vumbi jeupe laini linaloingia mpaka ndani ya saa ni la kaskazini, Wajir na kupita. Kamba mpya nyuma, huyo anakwenda kuchukua mbuzi: usimuuzie usafi wa ndani leo, mwambie aurudie kesho. Kamba zilizolowa na kinyesi kilichokauka, huyo ametoka kushusha: mpe maji mengi na usimwongeleshe habari za nta. Gari lenye viti vilivyofunikwa kwa shuka mpya lina arusi ndani yake, na hao peke yao, hao tu, ndio waliotaka kile nilichokipenda. Hao niliwatoza vizuri, na walilipa wakicheka.

Lakini yote hayo niliyajua nikiwa nimeshachelewa, maana siku niliyomfutia Abti mlango ilikuwa kabla ya Eedo Halima na maziwa yake. Abti aliniachia gari lake la kijani kuukuu, akasema tu, "Osha, kesho nasafiri." Kwenye mlango wa dereva kulikuwa na mstari mrefu uliopinda juu kama bakora, na vistari viwili vifupi pembeni yake, vimechimba rangi mpaka kwenye bati. Niliona aibu kwa niaba ya gari. Nikafikiri, hii ndiyo nafasi ya kumwonyesha abti ninachoweza. Nikaziba, nikasugua, nikapaka rangi niliyoichanganya mwenyewe mpaka ikalingana, nikang'arisha. Alilichukua kukiwa na giza la alfajiri, hakuona kitu, akaelekea Wajir.

Alirudi siku ya nane. Idd ilikuwa imebakiza wiki moja. Eedo Halima alikuwa amekaa kwenye ndoo yake anakunywa chai. Abti akashuka, akamsalimia Eedo kwa Kisomali, akamuulizia watoto na mifugo. Kisha akanigeukia mimi na kunisalimia kwa Kiswahili.

Mnapaswa kuelewa hili. Kiswahili kwetu ni lugha ya ofisi, ya shule, ya watu wa kuja. Abti alikuwa hajawahi kunisemesha Kiswahili maisha yangu yote.

"Habari ya kazi, fundi," akasema.

"Nzuri, abti."

"Mimi ni mteja. Nauliza kitu moja. Hapa kwa mlango kulikuwa na kitu. Iko wapi?"

"Ule mkwaruzo? Niliutoa, abti. Bure."

"Ulitoa."

"Ndiyo."

"Bure." Akamgeukia Eedo, akasema kwa Kisomali, "Bure, anasema." Eedo akajifunika mdomo kwa shali.

Kisha akanieleza, kwa Kiswahili kile kile, pole pole, kama mtu anayeandikisha habari kituoni. Alifika malishoni na chumvi na dawa za ngamia. Jua likaupiga mlango wangu. Wachungaji wake, kutoka mbali, waliona gari linalomulika kama kioo, na katika magari yote waliyoyajua hakuna lililomulika. Wakatazama mlango wakitafuta alama. Hakuna alama. Gari geni linalong'aa porini, miaka ile, lilikuja kuhesabu mifugo au kuichukua, na yote mawili hayakuwa mema. Wakawaswaga ngamia vichakani. Abti akapiga honi wamjue. Wakaongeza mbio.

"Siku mbili nafukuza ngamia yangu mwenyewe," akasema Abti. "Mimi ndio mwizi. Siku ya tatu naacha gari, natembea kwa miguu, natukana, ndio kijana mmoja anasikia matusi anasema, huyu ni Hassan."

Eedo Halima alikuwa ameiweka chai chini. Mabega yalimtikisika.

"Usicheke," Abti akamwambia. "Ngamia jike moja, ana mimba, haijaonekana mpaka leo."

Hapo hakuna aliyecheka. Abti akachora kwenye vumbi kwa ncha ya fimbo: bakora, vistari viwili. "Hii ni sumad. Iko kwa shingo ya kila ngamia yetu. Baba yangu, baba yake. Mama yako alizaliwa chini ya hii. Wewe hujui?"

Nilijua, na hilo ndilo baya zaidi. Nyumbani kulikuwa na chombo cha mbao cha maziwa cha bibi, kimetundikwa ukutani, na kwenye ubavu wake mchoro ule ule. Nilikuwa nimekitazama utoto wangu wote nikidhani kimepasuka.

"Rudisha," akasema Abti. "Idd ikifika haijarudi, ngozi zinaingia."

Mtu mwingine angechukua msumari siku hiyo hiyo. Mimi nilikwenda nyumbani, nikateremsha chombo cha bibi, nikaweka karatasi juu ya alama na kuinakili. Nikaipima. Nikagundua kwamba vistari viwili havikulingana urefu, nikavisawazisha. Nikanunua rangi nyeupe ya mafuta, nikabandika utepe pembeni isivuje, nikapaka mikono miwili ya rangi na kuacha ikauke siku mbili. Haikuwa na tone. Ningeweza kuipeleka kwa yule mzungu wa gazeti.

Abti aliiangalia kwa upande mmoja, kisha kwa upande mwingine. "Hii ni ya zahanati," akasema, bado Kiswahili.

"Ni ile ile, abti. Nimepima."

"Ngamia gani inakaa imenyooka hivi?"

Akanieleza jinsi alama inavyopigwa: ngamia analia, watu wanne wanamshika, chuma ni chekundu, na mpigaji ana pumzi moja tu. Ndiyo maana mkia wa ile bakora huruka kidogo mwishoni. Koo nyingine zina bakora pia. Wachungaji wake hawaitambui kwa umbo tu. Wanaitambua kwa huo mruko. "Na rangi," akaongeza, "mtu yeyote anapaka. Ile ilikatwa. Wewe unafuta yenye imekatwa, unaleta yenye imepakwa."

Nikaitoa rangi. Nikaung'arisha mlango tena, sikuweza kujizuia. Siku moja kabla ya Idd, Abti akaja na wazee wawili wa ukoo na msumari wa inchi nne. Eedo Halima akasogeza ndoo yake mbele. Abti akanipa msumari.

"Mara moja," akasema. "Hairudiwi."

Nawaambia vijana, nimefanya kazi ile miaka mingi, na nimepaka nta magari ya watu ambao majina yao siwezi kuyataja, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyouogopa mlango ule. Kazi yangu bora kuliko zote ilikuwa mbele yangu, inang'aa, na nilitakiwa kuiharibu mbele ya wazee bila rula. Niliweka ncha ya msumari. Ulilia. Nilivuta juu, nikapinda, na nilikuwa nafika mwisho, taratibu, vizuri mno, nikijiandaa kumalizia kwa unyoofu, pikapu ya Mutwiri ilipoingia kiwanjani na honi ya kuamsha wafu.

"Yusuf! Kioo!"

Mkono ukaruka. Bakora ikapata mkia mrefu wa ajabu unaotoroka kuelekea kitasa. Nikapiga vistari viwili bila kufikiri, kwa hasira, kimoja kirefu kimoja kifupi, nikarudi nyuma. Mutwiri, aliyekuwa ameshuka na kuona wazee wamekusanyika mlangoni, alivua kofia.

Abti akatoka nje ya kiwanja. Akavuka barabara, akatembea mpaka karibu na vibanda vya mbali, akageuka, akakinga macho kwa kiganja na kutazama mlango. Akarudi mwendo ule ule. Akainama, akachota vumbi, akalisugua ndani ya mikwaruzo mpaka ikashika rangi ya udongo. Kisha akaniambia kwa Kisomali, "Abti, chai ipo?"

Nilikimbia kuleta chai. Nilimimina nusu kwenye kikombe na nusu kwenye viatu vyangu. Alipokuwa anakunywa aliiangalia pikapu ya Mutwiri, na nyuma yake wenzake wawili wa miraa wakipanga foleni, na gari la jirani yake Eedo Halima lililokuja kufukizwa. Hakuyatuma yeye hata moja. Habari ya ngozi ikaishia hapo.

"Ni kiasi gani?" akaniuliza, akionyesha mlango.

"Kwako ni bure, abti."

"Hapana," akasema. "Bure ulishanifanyia."

Siku ya Idd alileta mbuzi. Mwezi uliofuata mfugaji mmoja mwenye gari lililotoka kupakwa rangi upya alikuja kuniuliza kama ni mimi ninayekata alama. Akaja wa pili, kisha yule mzee wa Kotile mwenye ndevu nyekundu, aliyekumbuka gurudumu lake. Nikapanga bei. Kung'arisha gari zima, nta mikono miwili, tundu za hewa kwa kijiti cha pamba: bei ya kawaida, na tuliongea tukashuka. Kukwaruza mlango kwa msumari, mara moja, mwenye alama akiwa amesimama pembeni: mara tatu ya hiyo, na hakuna aliyewahi kuniomba nipunguze. Yule ngamia jike alirudi kisimani mwenyewe, na ndama nyuma yake. Hakuna aliyenipa sifa kwa hilo.

Kiwanja sasa anakiendesha binti mdogo wa Eedo Halima, mwenye mashine mbili za presha. Lami imetoka nje ya mji, wachungaji wanapigiana simu, na kwa miaka mingi hakuna aliyeomba alama mlangoni. Wateja wengi wanataka gari ling'ae. Bei zimeandikwa ukutani, na watu wanazilipa kama zilivyoandikwa.